Miaka Minane ya Refa

Barua ya chama cha waamuzi ilifika Jumatatu, na hadi Jumatano Refa alikuwa ameikunja na kuikunjua mpaka karatasi ikaanza kulegea kwenye mikunjo. Ilikuwa na la heri na la shari. La heri: fainali ya kombe mwaka huu atachezesha yeye, filimbi ya kati, baada ya miaka ishirini na minne ya kupewa nusu fainali na mechi za kwenye matope. La shari: kabla ya fainali waamuzi wote watapimwa upya, mbio arobaini za mita sabini na tano, kila moja kwa sekunde kumi na tano, katikati unatembea sekunde kumi na nane tu. Na kwa kuwa mwaka jana watu wanne walianguka uwanjani, safari hii kila mwamuzi atakuja na fomu iliyosainiwa na mkufunzi wa mazoezi. Jaribio lingefanyika baada ya wiki kumi na mbili.

"Sasa tatizo liko wapi?" aliuliza mkewe. Alikuwa karani wa shule, mtu wa kusoma tarehe za kuzaliwa za watoto wa watu kuanzia asubuhi mpaka jioni, na wakati huo alikuwa anapiga pasi sare yake. "Kukimbia unakimbia. Kila alfajiri unaniamsha na hivyo viatu vyako."

"Tatizo ni huyo mkufunzi. Ataniuliza umri."

Mkewe alicheka mpaka ikabidi aiweke pasi kando. "Haya, umepatikana! Miaka yote hiyo unawapiga watu chenga, leo umepatikana."

Hapa tuseme ukweli. Refa alikuwa na umri wa aina mbili. Wa nyumbani ulikuwa hamsini na saba, wa makaratasi arobaini na tisa. Hiyo miaka minane aliiacha kwenye dirisha la ofisi moja zamani, siku alipotaka kujiunga na chama akaambiwa amechelewa, na tangu hapo hakuna aliyemuuliza. Dada yake aliyemfuata kuzaliwa, kwa makaratasi ni mkubwa wake kwa miaka mitano, na kila wakikutana kwenye shughuli humnyooshea mkono, anasubiri kuamkiwa, ukumbi mzima unacheka. Kanuni ya chama ni kwamba ukitimiza hamsini unaweka filimbi chini. Kwa hiyo huo ulikuwa msimu wake wa mwisho, na fainali hiyo ilikuwa ya kwanza na ya mwisho. Aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu alipooa.

*

Mkufunzi wa kwanza aliyeelekezwa alikuwa mwanamke, mkimbiaji wa zamani wa kuruka viunzi, ambaye wote walimwita Kocha. Alifundishia kwenye uwanja ulio nyuma ya chuo cha ufundi, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja cha bati chenye mizani, benchi, kiti cha mbao na harufu ya dawa ya kuchua. Refa alipoingia, Kocha alisimama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, hujambo?" Refa alijibu kabla hajafikiri.

Kocha alichukua daftari, akaanza maswali. Umewahi kuumia wapi? Goti? Kiuno? Unalala saa ngapi? Nyumbani kwenu kuna mtu aliyekufa ghafla kwa moyo? Presha umepima lini? Akamwambia akae kwenye kile kiti cha mbao ainuke bila kushika popote, mara kumi. Akamwambia asimame kwa mguu mmoja, amefumba macho. Refa, mtu aliyewahi kuwatoa nje wachezaji wenye vifua kama milango, aliyumba akashika ukuta.

"Umri?"

"Arobaini na tisa."

Kalamu ilisimama. Kocha alimtazama taratibu, kuanzia nywele zilizotiwa rangi mpaka mishipa ya miguuni. "Mimi nina hamsini na mbili," alisema. "Basi nirudishie shikamoo yangu."

Ingekuwa uwanjani Refa angetoa kadi. "Shikamoo dada," alisema, na sauti ikatoka nyembamba kama ya mwanafunzi aliyechelewa.

"Marahaba. Sasa, ukitaka nikufundishe, kwanza unaniletea cheti cha daktari cha presha na moyo. Wiki mbili za mwanzo hukimbii kwa kasi, unatembea na kupanda ngazi. Na hii namba uliyonitajia, nenda kaifikirie tena. Mimi nakata mazoezi kwa kipimo cha mwili wa mtu, kama fundi nguo. Ukinipa kipimo cha mwenzako, itachanika."

Alitoka pale anatweta kwa hasira, na hata mbio hajakimbia. Wiki mbili kutembea! Ametoka kupandishwa fainali, anaambiwa apande ngazi! Njiani alikutana na rafiki yake wa siku zote, mshika kibendera wa pembeni, ambaye jina lake lilishafutika vichwani mwa watu likabaki hilo hilo la Kibendera. Hao wawili walichezesha pamoja tangu ujana, na kila mmoja alijua siri ya mwenzake: Kibendera kwa makaratasi alikuwa arobaini na nane, kwa siri aliyomwambia Refa, sitini.

"Yule mama ni hatari," Refa alimwambia. "Anauliza maswali kama polisi. Tutafute mwingine."

Na hapo ndipo kosa lilipofanyika. Mtu mwingine anachagua mkufunzi kwa ujuzi wake, au kwa bei, au kwa kuwa yuko karibu na nyumbani. Hawa wawili walimtafuta asiyeuliza.

*

Asiyeuliza alipatikana. Jimu yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, vioo kuta nzima, muziki unapiga mpaka meno yanatikisika. Mwenyewe aliitwa Tofali, kifua kipana, shati limembana.

"Wazee baba!" alipiga kelele. "Karibuni! Mnataka nini, kitambi kiondoke au mikono ijae?"

"Jaribio la mbio," alisema Refa. "Na fomu hii isainiwe."

Tofali aliichukua fomu, akaisaini hapo hapo juu ya mashine, akasaini na ya Kibendera. Sehemu ya umri aliiacha wazi. "Jazeni wenyewe. Kwangu umri ni namba tu, mzee. Hapa tunaua uvivu!"

Refa alimgeukia Kibendera akamkonyeza. "Nilikwambia? Huyu ndiye."

Siku ya kwanza waliruka juu ya masanduku. Siku ya pili wakaruka tena, na kamba, na mbio za hapo hapo kwenye mkeka, bila hata kupasha misuli, kwa sababu Tofali alisema kupasha misuli ni mambo ya wagonjwa. Refa alirudi nyumbani anashuka ngazi kinyumenyume, lakini moyoni anafurahi. Jioni alisimama mbele ya kioo akavuta tumbo ndani. Siku ya nne, akiwa katikati ya mruko, alihisi kitu kimempiga nyuma ya mguu, kwenye shavu, kama jiwe. Aligeuka kuona ni nani amemrushia. Hakukuwa na mtu.

"Komaa, mzee!" alisema Tofali, simu mkononi, anapiga picha ya video. "Maumivu ni udhaifu unaotoka mwilini!"

Kibendera alimshika begani akamshusha mpaka chini, ngazi moja moja, huku wasichana wa duka la rangi wakimpa pole kwa sauti za huruma ambazo zilimuuma kuliko mguu.

*

"Weka mguu juu," alisema mkewe. "Usiushushe. Barafu hii hapa."

"Nimekaa tangu saa nne."

"Na utakaa mpaka saa kumi."

Refa hakuweza kukaa. Alikuwa mtu wa kwenda. Hata kahawa yake huinywa amesimama. Alihama kutoka kiti mpaka kitanda, kitanda mpaka mlangoni, anachechemea, anashika fanicha, anachungulia dirishani kama anasubiri mgeni. Zilibaki wiki kumi. Akalala, akaamka, akahesabu tena: wiki kumi pungufu ya siku moja.

"Umekuwa kama kuku anayetaka kutaga," mkewe alimwambia siku ya tatu. Kisha akaacha utani, akakaa pembeni yake. "Baba watoto, nikwambie kitu na usinikatize. Mimi naogopa. Mwaka jana nilikuwa jukwaani, nilimwona yule mwenzenu alivyoanguka. Mkewe alikuwa amekaa mbele yangu. Alivua kiatu kimoja akakimbia nacho mkononi, sijui kwa nini. Sitaki siku hiyo inifike."

"Haitakufika. Mimi niko sawa."

"Uko sawa ukiwa na miaka mingapi?"

Refa aliigeuza barafu mguuni. Kesho yake mkewe aliomba ruhusa kazini, akaita bodaboda mbili, moja yake na moja ya mumewe, na wakaenda moja kwa moja kwenye chumba cha bati. Kocha aliwatazama wakiingia, mmoja mbele na mwingine anaburuta mguu nyuma.

"Mwandikie vizuri, mwalimu," alisema mkewe, hata salamu haijakamilika. "Tarehe kumi na moja, mwezi wa tatu, na mwaka wenyewe huu hapa." Akautaja, waziwazi, kama anavyoutaja kila siku dirishani kwake. "Hamsini na saba. Cheti chake cha kweli ninacho mimi, kiko ndani ya begi la nguo za watoto."

Chumba kilikuwa kidogo na aibu ilikijaza chote. Refa aliangalia mizani. Alingoja Kocha acheke, au aseme nilijua. Kocha alichana ukurasa wa zamani, akafungua mpya, akaandika 57 kwa tarakimu kubwa.

"Asante, mama," alisema. "Sasa naweza kufanya kazi. Baba, nisikilize. Mwili wa hamsini na saba haukatai kazi. Unakataa haraka. Kijana akichanika msuli unafunga wenyewe akiwa analala. Wewe unahitaji kupewa muda. Ukifanya zoezi gumu leo, kesho na keshokutwa ni mapumziko, na mapumziko nayo ni zoezi, ukiyakiuka nakufukuza. Lakini na fomu nitaisaini hivi hivi. Hamsini na saba. Sisaini nisichokijua."

"Ukisaini hivyo, sina fainali."

"Hilo ni lako na chama chako. Mimi nimeulizwa mguu."

*

Wiki tatu alipona, na cheti cha daktari cha presha na moyo akakipeleka kwa Kocha. Kisha akaanza, na kwa Refa mwanzo ule ulikuwa mateso ya aina yake. Dakika ishirini za kupasha mwili kabla hajagusa mbio. Kupandisha na kushusha visigino kwenye ngazi, mara kumi na tano, mguu mmoja mmoja. Kusimama kwa mguu mmoja huku wanafunzi wa useremala wakipita na mbao mabegani, wanamwita korongo. Akizidisha hata mbio moja, Kocha anaizima saa. "Nenda nyumbani." "Lakini bado nina nguvu!" "Ndiyo maana uende. Ubaki nazo."

Siku za mapumziko ndizo zilizomtesa zaidi. Alizunguka nyumba. Alitengeneza bawaba ya mlango ambayo haikuharibika, ikaharibika. Lakini wiki ya saba alishuka ngazi bila kushika ukuta, na wiki ya tisa alifumba macho kwa mguu mmoja akahesabu mpaka thelathini, na alicheka peke yake.

Kibendera alikutana naye sokoni. Alikuwa amekonda, macho mekundu.

"Umenitupa," alisema. "Tofali kila siku anakuulizia. Uko wapi?"

"Napumzisha mguu."

"Mimi nakomaa. Ila siku hizi kifua kinanibana kidogo nikipanda ngazi za jimu. Tofali anasema ni misuli inakua."

Refa alifungua mdomo. Alitaka kumwambia: achana na yule, twende kwa yule mama, ukapimwe moyo. Lakini angeulizwa: si wewe uliyenipeleka? Na angeulizwa pia: umemwambia umri wako? Alijisikia vibaya, akajitia kuangalia nyanya. "Itakuwa misuli," alisema. "Pumzika kidogo." Wakaagana.

Wiki ya kumi na moja, asubuhi, Kocha alipanga koni uwanjani, akashika saa, na Refa akakimbia zote arobaini. Ya thelathini na nane miguu ilimtetemeka, ya thelathini na tisa alitukana, ya arobaini aliimaliza ikiwa imebaki sekunde nzima. Alipiga magoti kwenye nyasi. Wale wanafunzi wa useremala waliweka mbao chini wakapiga makofi.

"Hamsini na saba," alisema Kocha, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Nina vijana wa thelathini hawafiki hapo." Akasaini fomu.

Refa alirudi nyumbani na fomu mbili kwenye mkoba: ya Tofali, yenye nafasi ya umri aliyokwisha kuijaza arobaini na tisa, na ya Kocha.

"Utatoa ipi?" mkewe aliuliza.

"Mke wangu, unauliza swali gani? Ni fainali!"

"Nimeuliza tu," alisema mkewe.

*

Siku ya jaribio foleni ya waamuzi ilianzia kwenye meza ya katibu mpaka golini. Refa alikuwa na mkono ndani ya mkoba, vidole vimeshika fomu ya Tofali. Mbele yake vijana walikuwa wanajisifu, mmoja anasema ana thelathini na mbili na kwamba arobaini ni chai tu. Refa alimsikiliza. Kitu kilianza kumchemka kifuani. Arobaini na tisa! Atakimbia zote, na wataandika mtu wa arobaini na tisa kakimbia, na watasema si haba. Si haba! Jasho lote lile, visigino vyote vile, kuitwa korongo, halafu sifa apewe mtu ambaye hayupo.

Haikuwa ucha Mungu, tusimpambe. Ilikuwa kiburi. Alipofika mezani, mkono ulitoka na fomu ya Kocha.

Katibu aliisoma. Akainama mbele, akashusha sauti. "Umenipa karatasi siyo. Irudishe mfukoni, nipe nyingine. Sijaona kitu."

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Wewe, una akili? Fainali ni ya kwako!"

"Nimekimbia arobaini nikiwa na hamsini na saba. Andika ulichokiona."

Nyuma yake kwenye foleni wengine wakaanza kuangalia viatu vyao. Katibu alikuwa na hasira ya kweli sasa, kwa sababu watu walikuwa wamesikia. Alipiga mstari juu ya jina la Refa, mstari mmoja, akauliza nani anafuata. Kijana wa mlangoni alimwonyesha njia ya kutokea, akamwita mzee.

Kwa hiyo ilikuwa imekwisha. Alisimama nje ya uzio wa waya, kando ya barabara, mkewe, aliyekuja kumsindikiza, amebeba mkoba. Miguu haikutaka kutulia. Ndani, katibu alipiga filimbi fupi na kundi la kwanza likatoka. Refa naye akatoka. Alikimbia nje ya waya, sambamba nao, juu ya vumbi na mawe, filimbi ikalia, akatembea, ikalia, akakimbia. Wapita njia walisimama. "Mzee, unakimbizwa na nani?" muuza maji alimuuliza. Kumi. Kumi na tano. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi na hakuyafuta.

Mbio ya ishirini na mbili aligundua kwamba anayekimbia sambamba naye, upande wa pili wa waya, ni Kibendera. Alikuwa anapiga miguu chini kama mtu aliyebeba gunia, uso umegeuka rangi ya jivu, jasho linamtiririka kwa namna isiyo ya mbio.

"Simama!" Refa alimwambia kupitia kwenye waya. "Toka, kaa chini!"

"Komaa..." alisema Kibendera, na mkono wake ukapanda kifuani.

Filimbi fupi ililia, na Kibendera akaanza tena kukimbia. Refa hakufikiri. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa filimbi yake, akapuliza ndefu, ile ya kusimamisha mechi mtu anapoumia. Uwanja wote ulisimama. Walikuwa waamuzi, na hakuna mwamuzi ambaye mwili wake hautii sauti hiyo. Kibendera naye alisimama, akapinda magoti, akakaa kwenye nyasi, kisha akalala ubavu.

"Nani amepiga filimbi?" katibu alifoka.

"Mimi!"

"Wewe si mwamuzi tena!"

"Najua! Mleteni daktari!"

Daktari wa gari la wagonjwa alifika anakimbia, akamfungua Kibendera shati, akamwekea kidonge chini ya ulimi. Refa alikuwa ameng'ang'ania waya kwa mikono miwili. Ningesema pale sokoni, aliwaza. Nilikuwa na mdomo na sikusema.

"Umri wa mgonjwa?" daktari aliuliza, kalamu mkononi.

Katibu alifungua jalada lake. "Arobaini na nane."

"Si kweli!" Refa alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. "Daktari, nisikilize mimi! Ni mimi niliyempeleka kwa mtu asiyeuliza! Andika sitini! Ana miaka sitini!"

Wote waligeuka kumtazama, kisha wakamtazama mtu aliyelala chini. Kibendera alifumbua macho. Alimtafuta Refa kupitia kwenye waya, akampata, kisha akamvuta daktari mkono ili ainame.

"Sitini na minne," alisema.